Dogo Anadaka Mpira, Nani Anamhesabia Masomo?

Ilikuwa saa saba usiku, wiki ya majaribio, mwezi wa tatu. Nimelala na notisi za Saikolojia ya Elimu kifuani, simu ikalia. Namba inaanza na jumlisha moja. Huko Texas ilikuwa bado alasiri, watoto wanatoka shule.

"Dada, shikamoo. Umelala?"

"Marahaba. Sasa saa hizi nifanye nini kingine?"

Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ana miaka 17. Alimaliza Kidato cha Pili hapa Morogoro, miezi michache baadaye familia ikahamia Houston, naye akaingizwa darasa la 10. Hapa alikuwa golikipa wa shule. Kule kocha mmoja alimwona akidaka mpira wa kikapu kwa mkono mmoja kwenye kipindi cha michezo, akamwambia aje ajaribu futiboli. Nasema ile ya kwao, ya helmeti na mpira wenye umbo la embe, siyo soka. Sasa ni mpokeaji, tena mzuri, na anataka kucheza chuo kikuu.

Lakini usiku ule hakunipigia kunieleza magoli. Alisema, "Dada, nahitaji ripoti yangu ya Form Two. Bila hiyo sichezi chuo." Akanyamaza kidogo, kisha, "Mama hajui. Usimwambie bado."

Makala hii ni ya kile nilichojifunza kutokana na simu ile. Naandika kama mwanafunzi wa ualimu, siyo kama mchambuzi wa michezo. Lakini ili tuelewane, ndugu msomaji, inabidi kwanza tuingie uwanjani.

Mpokeaji anafanya nini?

Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mwingine, na kila mwisho kuna eneo la yadi 10 la kufungia. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifanikiwa, inapewa nne nyingine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni alama 6.

Kuna njia mbili kubwa za kusogea: kukimbia na mpira mkononi, au kuurusha. Anayerusha anaitwa kwotabeki. Anayekimbia mbele kwenda kuudaka ndiye mpokeaji.

Mwanzoni nilidhani kazi yake ni mbio na mikono basi. Dogo akanicheka. Akanieleza kwamba kabla ya mchezo kuanza kila mpokeaji anajua njia yake: yadi ngapi mbele, anakata kushoto au kulia, anasimama wapi. Njia za msingi zinapewa namba, na timu ina kitabu cha michezo ambacho unakikariri kama sisi tunavyokariri nadharia za Piaget. Kwotabeki mara nyingi anarusha mpira kabla mpokeaji hajageuka. Anaurusha mahali ambapo mpokeaji *atakuwepo*. Ukikosea hatua mbili, mpira unaangukia mikononi mwa adui, na kosa ni lako hata kama hukuugusa.

Yaani kumbe ni kazi ya kufika mahali kwa wakati, mahali ambapo mtu mwingine alishakuhesabia. Nilikuja kuliona hilo kwa sura nyingine baadaye.

Na mchezo huu kwa wenzetu siyo wa kubahatisha. Kule Allen, mji mmoja wa Texas, uwanja wa shule ya sekondari, narudia, *ya sekondari*, ulifunguliwa mwaka 2012 ukiwa na viti 18,000, kwa gharama ya takriban dola milioni 60. Ijumaa usiku mji mzima uko pale. Mtoto wa miaka 17 anadaka mpira mbele ya watu wengi kuliko wanaokuja kwenye mechi nyingi za ligi yetu. Ukiona hivyo unaelewa kwa nini anaota.

Ndoto na idadi yake

Marekani nzima wavulana wanaocheza futiboli ya sekondari ni karibu milioni moja. Chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kina vyuo zaidi ya 600 vyenye timu ya futiboli. Kwa hesabu za chama hicho chenyewe, katika kila wachezaji 100 wa sekondari, kama 7 tu ndio wanaofika kucheza kwenye vyuo hivyo. Na chini ya nusu ya hao 7 wanafika Divisheni ya I, ile tunayoiona kwenye televisheni.

Divisheni ya I na ya II zinatoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Divisheni ya III haitoi: unacheza kwa kupenda, ada unalipa kama wenzako au unapata msaada wa kawaida wa kifedha. Hata vyuo vya Ivy League, kama Harvard na Yale, ambavyo viko Divisheni ya I, havitoi ufadhili wa michezo.

Halafu mlango wenyewe umebanwa zaidi siku hizi. Tangu mwaka 2018 kuna mfumo wa kompyuta ambamo mchezaji wa chuo anaandikisha jina akitaka kuhama. Kocha anayehitaji mpokeaji anaweza kumchukua mtu wa miaka 21 aliyekwisha kukomaa badala ya kumlea kijana wa sekondari. Na kuanzia msimu wa 2025 vyuo vingi vikubwa vina kikomo cha wachezaji 105 kwenye timu. Zamani kijana aliyekosa ufadhili aliweza kuomba kujiunga kwa gharama zake, akajibanza humo akisubiri nafasi. Sasa hata pa kujibanza pamepungua.

Vijana wanapenda kusimuliana habari za waliopenya. Jerry Rice alisoma chuo kidogo cha watu weusi, Mississippi Valley State. Baba yake alikuwa fundi wa matofali, naye alikua akimsaidia kazi. Amestaafu akiwa na yadi 22,895 za kupokea, rekodi ya ligi ya kulipwa. Cooper Kupp alimaliza msimu wake wa mwisho wa sekondari bila chuo hata kimoja kumpa ufadhili. Baadaye akachukuliwa na Eastern Washington, na Februari 2022 akawa mchezaji bora wa fainali ya Super Bowl.

Stori hizi ni za kweli, na zinatia moyo. Tatizo ni kwamba zinasimulia mikono na miguu tu. Hakuna anayemsimulia mtoto habari za karatasi.

Hesabu ya 16

Haya, tuje kwenye karatasi.

Ili ucheze mwaka wako wa kwanza kwenye Divisheni ya I, lazima uwe umemaliza masomo ya msingi 16, yakihesabiwa kuanzia darasa la 9. Mgawanyo wake uko hivi:

- Kiingereza: miaka 4.
- Hisabati: miaka 3, kuanzia aljebra ya kwanza kwenda juu.
- Sayansi: miaka 2.
- Mwaka 1 wa nyongeza katika mojawapo ya hayo matatu.
- Sayansi ya jamii: miaka 2.
- Miaka 4 mingine kutoka kwenye hayo, au lugha ya kigeni, falsafa, au masomo ya dini.

Katika masomo hayo 16, lazima 10 yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12. Na katika hayo 10, saba yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Wastani wa alama kwenye masomo hayo uwe angalau 2.3, na GPA yao inahesabiwa kwa 4, siyo kwa 5 kama yetu. Divisheni ya II inataka 2.2. Mtihani wa SAT au ACT, ambao zamani ulikuwa lazima, uliondolewa kwenye masharti haya mwaka 2023.

Ukiyasoma haraka unaona ni masharti mepesi. 2.3 ni juu kidogo tu ya C. Mtego hauko kwenye alama, uko kwenye neno *msingi*. Siyo kila somo linahesabiwa. Madarasa ya kurekebisha wanafunzi walioachwa nyuma hayahesabiwi. Kiingereza cha wanaoanza kujifunza lugha hakihesabiwi. Unaweza kufaulu kila kitu, ripoti ikawa imejaa A, ukaambiwa una masomo 13.

Na hapo ndipo dogo alipokuwa amenasa.

Alipofika darasa la 10 alipewa jaribio la lugha. Mtoto ametoka safari ndefu, ana woga, hajazoea lafudhi yao. Akawekwa darasa la Kiingereza la wanaoanza. Siwezi kumlaumu mwalimu aliyempanga pale, pengine ilikuwa sahihi kwa wiki zile. Lakini alikaa humo mwaka mzima, akapata A, mama mdogo akatuma picha ya ripoti kwenye grupu la familia, sote tukapiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba ile A haina uzito kwenye hesabu ya 16.

Aliligundua hilo darasa la 11, mwezi wa tatu, kocha msaidizi alipokaa naye na karatasi. Kiingereza kinahitajika miaka minne. Darasa la 9: yeye alikuwa Morogoro, Kidato cha Pili, na ripoti haionekani. Darasa la 10: halihesabiwi. Yanabaki mawili. Akisoma kozi moja wakati wa likizo ya kiangazi, matatu. Ili yafike manne, lazima ile English ya Kidato cha Pili ipatikane kwa maandishi, ikiwa na mhuri.

Ndiyo sababu ya kunipigia usiku.

Safari tatu za Morogoro

Bumu lilikuwa limeingia wiki hiyo. Nikapanda SGR asubuhi, nikafika shuleni kwao saa nne. Karani alikuwa mpole, akaniambia kabati la kumbukumbu za miaka ile liliingiwa na maji ya mvua. Rudi wiki ijayo. Nikarudi. Faili la mkondo wao lipo, lakini lina ripoti za Kidato cha Kwanza tu. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili yalipatikana, ila kilichotakiwa kule ni ripoti ya shule: somo kwa somo, mwaka gani, alama gani.

Safari ya tatu nilikuwa nimeshakata tamaa, na kiukweli hela ya kula ilikuwa imebaki ya siku nne. Nikiwa nje nasubiri, mwalimu mmoja mama wa makamo akaniuliza nina shida gani. Nikamweleza. Akasema aliyekuwa mwalimu wa darasa lile alihamishiwa shule nyingine hapo hapo mjini. "Yule hatupi kitu. Mfuate."

Nikamfuata. Baba wa watu akafungua droo, akatoa daftari la alama lenye jalada la gazeti. Jina la dogo lilikuwa la 31. English, Mathematics, Biology, Physics, Chemistry, Geography, History, Civics, Kiswahili. Muhula wa kwanza, muhula wa pili. Wino wa bluu, mstari ulionyooka, hakuna aliporukwa hata mtoto mmoja.

Nilitaka kulia, jamani. Nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo tena."

Tulirudi naye shule ya kwanza. Mkuu wa shule akalinganisha na kumbukumbu nyingine zilizokuwepo, akaandika ripoti upya, akatia sahihi na mhuri. Kwa kuwa sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, haikuhitaji hata kutafsiriwa. Niliituma siku hiyo hiyo. Ndipo nikampigia mama mdogo nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilikuwa namwambia acha mpira soma. Kumbe alikuwa anasoma, ila anasomeshwa visivyohesabika."

Sheria ya Texas, na swali kwa wana-Elimu

Nimekuwa nikiitafakari kauli hiyo nikiwa darasani. Texas wana sheria maarufu ya mwaka 1984: usipofaulu, huchezi. Mwanafunzi akipata chini ya 70 kwenye somo, anasimamishwa michezo. Mwanzoni kifungo kilikuwa wiki sita, mwaka 1995 kikapunguzwa kuwa wiki tatu. Kwenye semina yetu ya Falsafa ya Elimu niliitoa kama mfano, ukumbi ukagawanyika. Wengine wakasema safi sana, ndiyo nidhamu. Wengine wakasema kuna mtoto ambaye mpira ndio kitu pekee kinachomleta shule, ukimnyang'anya umemfukuza kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilikuwa upande wa kwanza. Siku hizi nina neno la kuongeza. Sheria ya aina hiyo inamwuliza mtoto, umefaulu? Haimwulizi mtu mzima, je, umemwambia anachofaulu kinampeleka wapi? Dogo alifaulu kila wiki. Hajawahi kusimamishwa hata mechi moja. Na bado karibu akose.

Wanaoipata hesabu hii mapema ni watoto ambao wazazi wao walipita humo humo, au wana hela ya kumlipa mtu awaelekeze. Mtoto wa mhamiaji, mtoto wa mzazi anayefanya kazi zamu mbili kama mama mdogo wangu, anaijua ikiwa imebaki miezi mitano. Kipaji wanacho sawa, alama pia sawa. Tofauti ni tarehe tu ya kuambiwa.

Msidhani ni mambo ya Wamarekani. Kwetu kipaji cha UMISSETA hakikupi nafasi ya chuo kikuu, tunaingia kwa matokeo ya Kidato cha Sita. Lakini hesabu iliyofichwa ipo hata hapa. Wangapi humu tuliacha Fizikia na Kemia baada ya Kidato cha Pili kwa sababu rafiki kaacha, au kwa sababu mwalimu wake alikuwa mkali? Mwenzangu wa chumbani alitaka unesi tangu akiwa mdogo. Aligundua Kidato cha Nne kwamba somo aliloliacha akiwa na miaka 15 ndilo lililokuwa mlango. Alikuwa na alama nzuri kwenye yote aliyobaki nayo. Leo tunasoma naye Elimu ya Sanaa, na anaipenda, lakini akiona sare ya nesi bado anageuka.

Kwa hiyo nimejiwekea mambo matatu nitakapokwenda fildi, na nayaweka hapa kama mtu atayahitaji.

Kwanza, mtoto akiniambia ndoto yake, sitamwambia "soma kwa bidii" nikaishia hapo. Nitakaa naye tuandike ndoto ile inadai masomo gani, kuanzia kidato gani. Kama siijui hesabu hiyo, nitaitafuta kabla ya Ijumaa.

Pili, nikimweka mtoto darasa la kumsaidia, nitaandika tarehe ya kumtoa. Darasa la msaada lisilo na tarehe ya kutoka linageuka kuwa ghala.

Tatu, daftari la alama. Nilizoea kuliona kama kazi ya usiku wa mwisho wa muhula. Sasa najua kuna mtu anaweza kulifuata baada ya miaka mitatu, kwa nauli ya bumu.

Alipofikia

Kozi ya kiangazi aliimaliza mwezi wa saba. English ya Kidato cha Pili imekubaliwa. Sasa yuko darasa la 12, msimu umeanza, na kwa mahesabu ya kocha wake atafikisha 16 akimaliza mwezi wa tano bila kuangusha somo.

Chuo? Bado. Chuo kimoja cha Divisheni ya II kimemwomba video ya mechi nzima badala ya vipande vizuri tu, na kocha wake anasema hiyo ni dalili ya watu wanaotaka kuona anafanya nini mpira usipokuja kwake. Chuo kimoja cha Divisheni ya III kimemwalika kutembelea, ila ada yake ukiisoma unakaa chini. Anaweza asipate chochote. Yeye mwenyewe analijua hilo, aliniambia hivyo hivyo bila kutetemeka: "Dada, nikikosa mpira, bado nina masomo 16. Naweza kuomba chuo kama mtu mwingine."

Wiki iliyopita alinitumia video ya sekunde 9. Anakimbia pembeni, beki kamganda, anakata kuelekea mstari, na mpira tayari uko hewani kabla hajageuza kichwa. Anageuka, unamkuta kifuani. Mguu mmoja ndani ya mstari, na kwa sheria za sekondari na chuo mguu mmoja unatosha.

Nikamuuliza alijuaje kama mpira uko pale.

Akajibu, "Sikujua. Mimi nilifika tu nilipotakiwa kuwa."

Kisha akaniomba namba ya yule mwalimu wa daftari, amsalimie.